Linux Mint kwenye steshenari yangu: nimeacha kupiga Windows

Nina steshenari ndogo Morogoro: fotokopi, kuprinti, barua za maombi ya kazi, fomu za mtandaoni. Kompyuta ziko mbili, zote za mezani, zote mtumba. Kwa miaka mingi gharama yangu ya programu ilikuwa moja tu, shilingi 15,000 za fundi kila mashine inapochoka. Anakuja na flashi yake, anazima antivirusi kwanza ("ikiwa hai itaikamata," anasema bila hata haya), anapiga Windows, anaiendesha kraki yake, yaani programu ya kuihadaa Windows ijione ina leseni, anamaliza soda, anaondoka. Miezi minne mitano tunarudi palepale. Leseni sikuwahi kuiona, wala sikuwahi kujiuliza ile kraki inafanya nini kingine kwenye mashine ambayo watu wanaskani vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watoto wao.

Nisijifanye mtakatifu, dhamira haikunisuta. Msaada wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Zangu ni i5 za kizazi cha 3 zenye RAM ya GB 4. Fundi akaniambia masharti hayo yanarukika, ila bei inapanda. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ngoja kwanza."

Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, tulishaonana. Mwaka 2008 nikiwa chuo, Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, na yangu ilifikia kwenye sanduku la baba mdogo. Nikaichezea siku mbili, modemu yangu ikakataa kusomeka, nikaitupa kabatini. Tangu hapo nikawa nasema Linux ni ya watu waliosomea kompyuta. Safari hii nilishusha aina nyingine, Linux Mint 22, toleo jepesi la Xfce kwa sababu ya hiyo RAM ndogo. Faili ni kama GB 3, nikalipakua usiku kwa bando la usiku. Unaliweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaujaribu mfumo mzima kabla hujagusa diski. Nikajaribu intaneti, sauti, printa ndogo, vyote vikaitika. Kusakinisha kukachukua muda wa kuhudumia wateja wanne.

Faida niliyoiona kwanza sikuitegemea kabisa. Mnaofanya kazi hii mnavijua vile virusi vya shotikati: mteja anachomeka flashi, mafolda yake yote yamegeuka vishale, anaanza kutetemeka. Kirusi kinakuwa kimeyapa mafolda ya kweli alama ya kufichwa na kuweka vishale vya uongo juu yake. Mint haijali alama ile. Nikichomeka flashi naona yote mawili, folda halisi na takataka pembeni yake, na zile .exe na .lnk zimekaa hapo kama maiti, hazina pa kuendea. Mama mmoja aliyekuja na ripoti ya kikundi cha VICOBA alijua imepotea, nikamfungulia mbele ya macho yake. Sasa wananiletea flashi kutoka mitaa mingine, na hiyo kazi nailipisha.

La pili ni akaunti ya mgeni. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia kuna sehemu ya kuiruhusu. Haijawashwa toka mwanzo, unaiwasha mwenyewe. Mteja akiingia kama mgeni anafanya yake, akitoka kila kitu kinafutika: barua pepe aliyosahau kuifunga, nywila, picha za vyeti. Zamani folda langu la vilivyopakuliwa lilikuwa kama jalala la siri za watu. Ila utamu huo una mwiba. Wiki ya kwanza kijana mmoja aliandika CV yake saa nzima, akaihifadhi vizuri tu kwenye Desktop, akabonyeza kutoka, akaja kaunta kuniomba nimprintie. "Bosi, ipo pale Desktop." Haikuwepo. Nilikaa nikaichapa upya bure mpaka saa mbili usiku, yeye akinisomea.

Sasa makwazo. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayokuja na Mint, inafungua kazi za Word, lakini fonti hazifanani. Mahali pa fonti ya Calibri inaweka Carlito, iliyochorwa kwa vipimo vilevile, na mistari haihami. Shida ni Word za siku hizi zinazoandika kwa fonti ya Aptos. Hiyo haina pacha, na fomu ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili, mahali pa sahihi panabaki peke yake juu ya karatasi tupu. Dawa niliyoipata ni kuwaambia wateja walete PDF. Wengine wanaelewa, wengine wananiona mjuaji.

Ile mashine kubwa ya fotokopi imenishinda. Inaprinti, kuskani haitaki, mtengenezaji hajatoa draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya Linux kwa modeli yangu. Kwa hiyo kompyuta ya pili bado ina Windows, haina intaneti, kazi yake ni kuskani tu.

Masasisho je? Kuna kingao kidogo chini kulia, kikiwa na jambo kinaonyesha alama, na hakishushi sasisho lolote mpaka niseme ndiyo. Mwenye kununua bando kwa GB ataielewa raha hiyo. Toleo hili litahudumiwa hadi 2029, na sijadaiwa namba ya leseni wala akaunti ya mtandaoni.

Fundi wangu bado anapita kunisalimia. Juzi alikaa kwenye ile kompyuta ya Mint akaandika barua yake mwenyewe, akaisoma karatasi niliyobandika juu ya kioo: WEKA KWENYE FLASHI YAKO KABLA YA KUTOKA. Akacheka. Halafu akaazima flashi.