Kontrola za DJ: geuza uone mgongo kabla ya kulipa

Dukani, kontrola (mashine ya kuendeshea programu ya DJ iliyo kwenye laptopu) hupangwa ikiwa imekutazama: taa za pedi zinawaka rangi nane, magurudumu yanang'aa, na muuzaji anazungusha nobu za efekti. Uso huo wote unafanana kuliko unavyodhani. Kinachotofautisha kontrola ya chumbani na kontrola ya kupigia harusi ya watu mia nne kipo nyuma: matundu ya kutolea sauti, tundu la maiki na njia ya umeme. Tathmini hii inaanzia huko. Inaipima hasa Pioneer DJ DDJ-FLX4, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana na wanaoanza kupiga kwa laptopu, halafu inaiweka kando ya wenzake wachache.

FLX4 ilitoka mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400 ya 2018. Ina chaneli mbili, pedi nane kila upande, nobu tatu za besi, kati na treble kwa kila chaneli, na kadi ya sauti ndani yake. Uzito ni kama kilo mbili, inaingia kwenye begi la mgongoni. Ukiichomeka, programu ya rekordbox inafunguka sehemu ya kupigia bila kulipia, na programu nyingine, Serato DJ Lite, inaitambua pia. DDJ-400 ilitengenezewa rekordbox, si Serato, kwa hiyo hapa kuna hatua ya kweli mbele.

Sasa igeuze. Sauti kuu inatoka kwa matundu mawili tu ya RCA, nyekundu na nyeupe. Hakuna XLR, tundu la pini tatu la vifaa vya kazi, na hakuna njia ya pili ya kulishia spika ya DJ. Kwa nyumbani hilo si tatizo. Ukumbini ni tatizo, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni kiwango cha mkondo. Vifaa vya nyumbani vya RCA hufuata kiwango cha takriban volti 0.316, wakati miksa na spika za kazi hutarajia takriban volti 1.23. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 12. Fundi wa sauti akikuweka kwenye chaneli bila kuongeza geini (nguvu ya sauti inayoingia), muziki unasikika mnyonge, na DJ asiyejua hupandisha nobu zake mpaka taa ziwe nyekundu. Hapo sauti inapasuka ndani ya kontrola yenyewe, na hakuna spika duniani itakayoirekebisha. Acha taa za chaneli zicheze kijani, zikigusa rangi ya chungwa kwenye vilele tu, kisha mwombe fundi aongeze geini upande wake.

Ya pili ni mvumo. Waya wa RCA hauna njia ya kufuta kelele unazookota, tofauti na XLR ambayo hubeba ishara mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, ili kelele ziuane mwishoni. RCA ya mita tatu huvumilika. Ukiivuta mita kumi na tano hadi kwenye miksa iliyoko mwisho wa ukumbi, ikipita kando ya nyaya za taa, utasikia mvumo kabla hata wimbo haujaanza. Chaja ya laptopu yenye waya wa ardhi nayo huleta mvumo wake, kwa sababu laptopu na miksa zinakutana ardhini kwa njia mbili. Chomoa chaja sekunde kumi usikilize. Mvumo ukikata, umempata mwizi.

Dawa ya yote mawili ni DI boksi ya stereo. Unaingiza RCA upande mmoja kwa waya mfupi, unatoa XLR upande wa pili, na transfoma ya ndani inakata muungano wa ardhi. Ihesabu DI kama sehemu ya bei ya FLX4. Usiruhusu mtu akupe waya wa RCA kwenda XLR ukachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la miksa. Kama volti 48 za kulishia maiki za kondensa zimewashwa kwenye miksa hiyo, umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye tundu la sauti la kontrola yako na kuliua.

Maiki. Hapa ndipo sherehe zetu zinapoitesa mashine hii kuliko popote. FLX4 ina tundu moja la jeki kubwa na nobu moja ya kiasi, bila nobu za besi na treble za maiki. Sauti ya maiki inapita kwenye USB, kwa hiyo inaingia kwenye rekodi na kwenye matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, jambo zuri kwa anayepiga akiwa studio. Lakini MC wa harusi huzunguka na maiki isiyo na waya, anapiga kelele, ananong'ona, anampa maiki shangazi wa bibi harusi. Sauti hiyo inahitaji kukatwa besi na kubanwa, tena na mtu asiyeshughulika na wimbo unaofuata. Maiki ya MC ipelekwe kwenye miksa ya ukumbi. Tundu la kontrola libaki kuwa akiba. Kama kazi zako nyingi ni sherehe ndogo zisizo na fundi wa sauti, basi FLX4 siyo mashine yako. Tafuta yenye matundu mawili ya maiki na ekwalaiza yake.

Kuhusu umeme, udogo wa FLX4 unageuka kuwa nguvu. Inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu. Umeme wa ukumbi ukikatika na jenereta ikachukua sekunde ishirini kushika, spika zitanyamaza, lakini wimbo utakuwa bado unakimbia kwenye betri ya laptopu, na spika zikirudi muziki unaendelea. Kontrola kubwa zenye adapta yake ya umeme, kama DDJ-1000 au Denon DJ MC7000, huzimika pamoja na ukumbi. Zikiwaka, programu inabidi izitambue upya, na wakati mwingine kadi ya sauti hairudi mpaka uifungue programu tena. Anayenunua kubwa anunue na UPS ndogo (betri ya akiba). Haihitaji kubeba spika. Inatosha ibebe kontrola kwa dakika chache za kubadilisha chanzo cha umeme.

Kula umeme wa USB kuna sharti lake. Tundu la kawaida la USB 2.0 limeahidi miliampia 500 na si zaidi, na laptopu iliyochoka haifiki hata hapo. Usiunganishe kontrola kupitia habu isiyo na umeme wake, hasa habu hiyohiyo ikiwa imebeba flashi ya nyimbo na kipanya. Dalili ni taa za pedi kufifia, kisha sauti kukatika kwa nusu sekunde, kisha kontrola kupotea kabisa. Tumia tundu la kwenye laptopu, waya mfupi, na uwe na waya wa pili wa USB-C unaopitisha data. Baadhi ya waya za kuchajia simu hubeba umeme tu: kontrola itawaka taa na kompyuta haitaiona.

Kwenye Windows, mambo manne yafanywe kabla ya kazi ya kwanza. Sakinisha draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, kama mtengenezaji ameitoa. Kwenye mipangilio ya umeme, zima kipengele kinacholaza matundu ya USB ili kuokoa betri. Hicho ndicho huua kontrola katikati ya hotuba ya mzee, wakati hujagusa kitu kwa dakika kumi. Sitisha masasisho. Kisha weka bafa, akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa, kwenye sampuli 256: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 5.8. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512, yaani milisekunde 11.6, ambazo kwa mchanganyiko wa kawaida hutazihisi. Anayekwaruza sahani kwa mkono (scratch) atazihisi, naye ashuke hadi 128 kama laptopu inamudu. Sauti ikiendelea kukwaruza hata kwenye 512, zima Wi-Fi kwanza kabla ya kuilaumu kontrola.

Tuje kwenye feda ya kasi, kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi ya wimbo, ambayo matangazo hayaitaji. Kontrola za bei ya chini kabisa hutuma nafasi ya feda kwa hatua 128. Ukiweka upana wa asilimia 8 juu na 8 chini, kila hatua ni asilimia 0.125. Kwa wimbo wa mapigo 120 hiyo ni pigo 0.15 kwa dakika: unatafuta 120.07 na mashine inakupa 120.00 au 120.15. Kwa dakika moja nyimbo mbili zinaachana kiasi cha milisekunde 35, na sikio linasikia ngoma zikigongana. Kontrola za Pioneer hutuma ujumbe wa sehemu mbili na kupata hatua ndogo mno, kwa hiyo FLX4 haina ugonjwa huo, ingawa feda yake ni fupi na inadai kidole chepesi. Numark Mixtrack Platinum FX ina feda ndefu zaidi na ni raha kulinganishia kwa mkono. Jaribio la dukani ni rahisi: isogeze feda polepole sana ukitazama desimali za mapigo kwenye skrini. Zikiruka, irudishe mezani.

Wapo watakaosema kitufe cha SYNC, kinacholinganisha kasi za nyimbo chenyewe, kimemaliza hoja hiyo. Kwa amapiano iliyotengenezwa kwenye kompyuta, ndiyo. Weka rumba au dansi ya zamani iliyopigwa na mpiga ngoma mwenye damu, na mstari wa mapigo unaochorwa na programu utakuwa umepotea kabla ya sebene. Rekordbox ina uchanganuzi wa aina ya Dynamic unaofuata kasi inayobadilika, na nyimbo hizo zichanganuliwe hivyo. Hata hivyo mkono bado unahitajika, na ndiyo maana ukubwa na uzito wa gurudumu una maana. Singeli nayo ina lake: wimbo wa mapigo 224 programu huweza kuusoma 112. Usihangaike kuurekebisha kama unatoka kwenye amapiano ya 112, kwa kuwa vinakaa pamoja.

Wenzake kwa ufupi. DDJ-200 haina kadi ya sauti, hivyo kusikiliza wimbo ujao kwenye hedifoni kunataka waya wa kugawa sauti, upande mmoja mono kwa ukumbi na mwingine mono kwa sikio. Ni ya kujifunzia, usiipeleke kazini. Platinum FX ina skrini ndogo katikati ya magurudumu na inaendesha deki nne, lakini mgongoni ni RCA kama FLX4. MC7000 na DDJ-1000 zina XLR, matundu mawili ya maiki na USB mbili, hivyo DJ anayefuata huchomeka laptopu yake wakati wewe bado unapiga. Ukiwa na kazi za ukumbi kila wikendi, DDJ-1000 iliyotumika vizuri ni bora kuliko FLX4 mpya. Kwa anayeanza, au anayepiga kwenye baa yenye miksa yake, FLX4 pamoja na DI ndiyo chaguo.

Wapigaji wa video, ambao Kenya ni wengi, watazame programu kabla ya mashine. VirtualDJ inacheza video na inazitambua karibu kontrola zote hizi, ila bila leseni huiachia kontrola dakika chache tu kisha huikata.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na laptopu yako yenye programu tayari, na waya wako. Cheza wimbo, shusha kila feda ya sauti hadi chini kabisa: sauti inapaswa kuzimika kabisa. Ikivuja, feda imechakaa au ina vumbi. Peleka krosifeda, feda ya kulala inayohama kati ya chaneli mbili, hadi pembeni na usikilize kama chaneli ya pili bado inanong'ona. Gonga kila pedi kwa kidole kimoja bila kubonyeza sana. Zungusha gurudumu kisha liache. Wimbo usisogee wenyewe. Mwisho shika waya wa USB karibu na tundu, utikise taratibu wimbo ukiwa unacheza. Ukikatika mara moja tu, acha mashine hapo, hata bei ikishuka nusu.