Mashine ya kupimia sukari nyumbani: mwaka mmoja wa kuitumia nikiwa Tanga

Mwanangu wa kike aliponiletea mashine hii mwaka jana nilimwambia pesa yake ameitupa. Leo naandika kwa sababu nataka mwenye kisukari mwenzangu, hasa wa huku pwani tunakokula wali wa nazi na muhogo kila siku, ajue inamsaidia wapi na isimsumbue wapi.

Nina kisukari cha aina ya 2, huu mwaka wa 9. Miaka 8 ya mwanzo nilipimwa siku ya kliniki tu, mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula. Siku mbili kabla nakula mchicha na samaki wa kuchoma, namba inatoka nzuri, nesi anafurahi, narudi zangu Makorora naendelea na maandazi na mbaazi. Halafu daktari mpya akaagiza kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Ikatoka asilimia 11.2. Kwa wengi wetu wanataka chini ya 7. Metformini, vidonge vya kushusha sukari, nilikuwa nameza kiwango cha juu tayari, kwa hiyo akasema tuongeze insulini ya usiku, yuniti 10 wakati wa kulala, na vidonge viendelee.

Nililia, sitaficha. Huku mtaani ukisikia fulani anachoma sindano ya sukari, watu wanaanza kumhesabia siku. Shoga yangu mmoja alinisihi niache, ninywe unga wa mlonge. Daktari alinieleza kwa utulivu kwamba kongosho la mtu mwenye kisukari linachoka kadiri miaka inavyokwenda, na sindano inaleta kile ambacho mwili haukitoi tena cha kutosha. Mwanangu naye akanisomea habari za Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kule Toronto, akachomwa insulini Januari 1922, wa kwanza kutibiwa nayo, akaishi miaka mingine 13. Hapo ndipo nilipokubali. Mlonge nauheshimu kama mboga.

Sasa mashine yenyewe. Mwanangu aliinunua 55,000, lakini bei hiyo isikushughulishe sana. Kinachokula pesa ni vijiti vya kupimia. Kopo la vijiti 50 nanunua 30,000, yaani kila ukitoboa kidole ni shilingi 600. Kabla hujanunua mashine, uliza kwanza kama vijiti vyake vinapatikana mjini, maana vya aina moja haviingii kwenye aina nyingine. Jirani yangu aliletewa mashine nzuri sana kutoka Oman na mpaka leo iko kabatini. Kopo likae limefungwa kila wakati, unyevu wa hapa kwetu unaviharibu. Duka moja la dawa liliniuzia kopo lililokwisha funguliwa. Vijiti 6 vya kwanza vyote mashine ilikataa kusoma. Siku hizi naangalia kizibo na tarehe kabla sijatoa pesa.

Nawa mikono pia, tafadhali. Msimu wa machungwa ya Muheza nilikuwa nawamenyea wajukuu, nikapangusa vidole kwenye kanga, nikapima: 19.4 (mashine inahesabu milimoli kwa lita, siyo asilimia kama kile kipimo cha daktari). Moyo ulinienda mbio, nikataka kuongeza sindano. Mwanangu akanizuia, akanipeleka bombani nikanawa kwa sabuni, tukapima upya: 8.3. Ile ya kwanza ilikuwa sukari ya chungwa iliyobaki kwenye ngozi. Ningejichoma kwa namba ile sijui ningeamkaje.

Wiki za mwanzo nilipima kila alfajiri, kwa sababu insulini ya usiku inaonekana kazi yake kwenye namba ya asubuhi. Daktari alikuwa ananipandisha yuniti 2 kwa kila hatua mpaka tukafika 16, asubuhi nikawa naamka na 6 hadi 7. Baada ya hapo nesi wa kliniki akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya nione faida ya mashine: "Mama, asubuhi tumeshaijua. Sasa pima chakula. Pima kabla hujala, na saa 2 baada ya kula."

Nikaanza. Sahani yangu ya kawaida ya wali wa nazi na changu wa kupaka: kutoka 7.1 mpaka 14.6. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni bada, yaani ugali wa unga wa muhogo. Miaka yote nilikuwa nakula bada ya muhogo nikiamini ndiyo chakula cha mgonjwa wa sukari, nakula bila kipimo, na nyumbani wananiunga mkono. Kutoka 6.8 mpaka 13.9! Nikarudia siku nyingine, ikawa vilevile. Ugali wa dona nao, ambao kila mtu anausifu, ukiula tonge kubwa kubwa unapanda. Nilikasirika kabisa, kwa sababu mimi nilikuwa najinyima chapati na huku najaza sahani ya bada.

Nikapunguza bada mpaka ukubwa wa ngumi yangu, nikajaza matembele na dagaa: 9.7. Siku nyingine chakula kilekile, halafu badala ya kukaa barazani nikatembea dakika 30, mwendo wa mtu anayewahi daladala: 8.2. Hapo hakuna aliyenihubiria mazoezi. Niliona kwenye kioo cha mashine yangu mwenyewe. Sasa jioni tunakwenda wanawake wanne mpaka Raskazone na kurudi, na upepo wa bahari unatusaidia.

Kuna usiku mmoja mashine iliniokoa. Tulikuwa msibani, nikala kidogo sana, nikarudi nimechoka nikachoma yuniti 16 zangu kama kawaida. Saa 9 usiku nikaamka nimelowa jasho, natetemeka, moyo unadunda. Zamani ningesema malaria. Nikapima: 3.1. Chini ya 4 ni sukari imeshuka, huna muda wa kusubiri. Nikakoroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, nikanywa, baada ya dakika 15 ikawa 4.7, nikala ndizi na nusu ya mkate. Asubuhi nikampigia nesi. Tangu siku hiyo sukari na kijiko vinakaa kando ya kitanda.

Kuhusu kutunza insulini, sina friji. Chupa mpya zinakaa kwa jirani, mlangoni mwa friji. Moja aliisogeza karibu na barafu ikaganda, tukaitupa, maana insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Chupa ninayotumia nimeiweka kwenye kikopo kikavu ndani ya chungu kidogo, chungu kiko ndani ya kikubwa chenye mchanga wa maji, juu kitambaa kibichi. Kinapoza kwa maji kukauka, na kwa kuwa hewa ya Tanga ina unyevu mwingi hakipozi kama ambavyo kingepoza Dodoma, lakini ni afadhali kuliko mezani mwezi wa pili. Tarehe ya kufungua naiandika kwenye chupa, siku 28 zikifika naanza nyingine, ndivyo nilivyoelekezwa.

Mashine hizi si sawa na maabara. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu tofauti ya asilimia 15, kwa hiyo 10 yako inaweza kuwa 8.5 au 11.5. Usigombane na namba moja. Toboa pembeni mwa kidole ambako hapaumi sana, siyo katikati, na badilisha vidole. Mimi sasa natumia vijiti kama 20 kwa mwezi, siyo kila siku: asubuhi mara 2 kwa wiki, jozi za chakula ninapojaribu kitu kipya, na wakati wowote nikijisikia vibaya.

Kile kipimo cha wastani wa miezi 2 hadi 3, cha mwezi uliopita kilitoka asilimia 7.4. Daktari ameacha yuniti zilezile. Kaka yangu wa Pongwe, ambaye naye anameza metformini, ameniomba mashine kwa wiki moja. Nimempa na vijiti 10 na sindano zake mpya za kutobolea, na nimemwambia aanze na bada.