Viungo: regeksi fupi au ile ndefu kidogo?

Hapa Moshi naletewa ratiba za kupanda mlima zikiwa maandishi matupu, nami nazigeuza anwani zilizomo ziwe viungo vya kubofya. Nimetumia regeksi mbili, yaani ruwaza za kutafutia vipande vya maandishi.

Ya kwanza ni `https?://\S+`: anza na http au https, kisha meza kila kitu mpaka ukutane na nafasi. Unaielewa mara moja. Tatizo ni kwamba haijui sentensi inaishia wapi. Andika "Njia ya Machame: https://example.com/machame." na ile nukta ya mwisho inaingia ndani ya kiungo, mgeni akibofya, anaambiwa ukurasa haupo. Inaudhi sana, maana mwandishi hakukosea kitu.

Ya pili, `https?://\S*[^\s.,;:!?)]`, inakataa kuishia na alama ya uandishi. Nayo humeza yote kwanza, halafu hurudi nyuma herufi moja moja hadi ifike kwenye "e" ya machame. Nukta inabaki nje, mahali pake. Ila anwani za Wikipedia zinazoishia na mabano huzikata.

Kwa ratiba natumia ya pili, na mabano nayakagua kwa macho. Ile fupi naitumia ninapotaka tu kuhesabu anwani kwenye faili.