Kibodi ya vitufe 84, baada ya miezi minane

Kazi yangu ni tafsiri, na kwa Kiswahili makosa hukaa mwanzoni na katikati ya neno. Umeandika "kimevunjika", kisha unagundua vyombo vilikuwa viwili: unarudi hadi mwanzo wa neno, unafuta ki, unaweka vi, unarudi ulikokuwa. Kwa siku nafanya hivyo mara nyingi mno. Ndiyo maana kibodi yangu ndogo ya kwanza, ya vitufe 61, ilinishinda ndani ya wiki tatu. Haina vitufe vya mishale. Kila hatua ya kurudi nyuma ilitaka nishikilie Fn na kubonyeza herufi nyingine, mpaka kiganja cha kushoto kikaanza kuuma.

Hii ya sasa ni ya kimekanika pia, yaani kila kitufe kina swichi yake yenye springi chini, ila ina vitufe 84. Mishale ipo, safu ya F1 hadi F12 ipo. Kilichoondolewa hasa ni kile kisanduku cha namba, pamoja na vitufe vingine vichache, ambavyo hufanya kibodi kamili ifike vitufe 104. Kipanya kimesogea karibu na mkono, na bega langu la kulia limelishukuru jambo hilo kuliko nilivyotarajia.

Swichi nilichagua za kahawia. Nyekundu ni laini, zinashuka moja kwa moja bila kukuashiria kitu. Nyekundu za Cherry MX (Cherry ni mtengenezaji wa swichi) hupokea herufi ukishuka milimita 2 kati ya 4. Bluu zinalia, na mimi nachapa usiku watu wamelala. Kahawia ina kale kakizuizi kadogo katikati ya safari, kidole kinajua herufi imeingia.

Sasa suala la kupatana na kompyuta, ambalo ndilo lililonitesa. Nilidhani ikichomekwa imekubali. Kwenye Mac ilikubali kweli: ina swichi ubavuni, unaisukuma upande wa Mac, na Command inakaa jirani na kitufe cha nafasi panapostahili. Ukisukuma upande wa Windows, hapo panakuwa Alt, na vifuniko vya kubadilisha vimo kwenye boksi. Kwenye Linux nilibonyeza F2 nibadilishe jina la faili, mwanga wa skrini ukapanda. F5, vivyo hivyo, kila kitu isipokuwa F5. Kumbe kibodi inajitambulisha kana kwamba ni ya Apple, na mfumo unaikabidhi kwa moduli ya hid_apple, kipande cha Linux kinachoendesha kibodi za Apple, ambayo kwangu ilitanguliza vitufe vya sauti na mwanga. Dawa ni kuandika options hid_apple fnmode=2 katika faili moja ndani ya /etc/modprobe.d, kujenga upya initramfs (faili ambalo Linux huanza nalo inapowaka), kisha kuwasha upya. Jioni nzima ilikwenda hapo.

Na Bluetooth, njia ya kibodi hii ya kuunganika bila waya, isikudanganye. Diski yangu imefungwa kwa nenosiri linaloulizwa kabla mfumo haujaamka, na wakati huo Bluetooth haijawaka. Unachapa, hakuna kinachotokea. Waya wa USB-C unakaa mezani kwa ajili hiyo tu.

Jingine la kuangalia kabla ya kulipa ni mpangilio wa vitufe. Yangu ni ya Kimarekani, kompyuta ilikuwa imewekwa ya Kiingereza cha Uingereza, basi kila nilipotaka alama za kunukuu nilipata @. Hilo ni la dakika moja kwenye mipangilio.

Ningeinunua tena, na mtu anayeandika kutwa namwambia asishuke chini ya vitufe 84 kama anahariri maneno yake mwenyewe. Nina lalamiko moja ambalo halijaisha: safu ya mwisho kulia imebanana na Enter na Backspace bila nafasi, na nikiwa na haraka kidole kinaangukia Page Up, ukurasa unaruka, napoteza mstari. Nimekivika kitufe hicho kifuniko kirefu kidogo kuliko vingine. Sasa nakihisi kabla sijakibonyeza, mara nyingi.