Sarafu za San Marino: mbuni kaminywa mno

Nilianza kukusanya sarafu kutoka kwenye kopo la bibi, lililojaa senti za zamani za Tanzania. Niliyoipenda ni ya senti 20, ile yenye mbuni. Ilikuwa na ndege mmoja tu, mkubwa, na hata bibi asiye na miwani alimtambua.

Kwa hiyo niliposhuka kwenye basi kutoka Rimini na kuingia San Marino, nilikuwa na hamu ya sarafu kuliko ya ile minara inayopigwa picha na kila mgeni. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 61 hivi, imezungukwa na Italia pande zote. Haimo katika Umoja wa Ulaya, ila ina makubaliano ya kutumia euro, na upande mmoja wa sarafu inaweka picha zake yenyewe. Hutengenezwa Roma, ndiyo maana utaona herufi R.

Nilidhani nitazipata kwenye chenji. Nikanywa kahawa, nikarudishiwa za Italia na moja yenye tai wa Ujerumani. Nikanywa ya pili, yale yale. Mwisho nikanunua seti dukani: sarafu nane, jumla yake euro 3.88, kwa zaidi ya euro 30. Roho iliniuma, sitaficha.

Hii ni michoro mipya, iliyoanza 2017. Vatican mwaka huo huo iliweka nembo moja kwenye sarafu zote nane, lakini hapa kuna lango la mji, kanisa la Mtakatifu Quirino, kanisa la Mtakatifu Fransisko, na Mlima Titano wenyewe. Ya euro 1 ndiyo iliyonikosha. Inaonyesha Cesta, mnara wa pili, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaona jinsi ulivyokaa juu ya mwamba.

Kinachoniudhi ni ya senti 1. Wameweka nembo ya taifa: minara mitatu, kila mmoja juu yake una unyoya wa mbuni, na chini neno LIBERTAS. Yote hayo kwenye kipande cha milimita 16 na kidogo! Manyoya niliyaona kwa lenzi tu. Katika michoro ya mwaka 2002 nembo hiyo ilikuwa kwenye euro 1, nayo ilipumua. Sijui mbuni wa sarafu alimwonea nini mbuni wa manyoya. Halafu Mtakatifu Marino kapewa nafasi mbili, senti 50 na euro 2. Moja ingetosha, ile nyingine wangeupa Guaita, mnara wa kwanza, uliokuwa kwenye senti 5 ya zamani.

Onyo kwa wanaonunua mtandaoni: seti ya 2002 niliagiza kwa muuzaji mmoja, ikafika plastiki imepasuka na zile za rangi ya shaba zina madoa. Ombeni picha za pande zote mbili kabla ya kulipa.

Ninayoiwinda sasa ni euro 2 ya ukumbusho ya 2004, yenye Bartolomeo Borghesi, msomi wa sarafu za kale aliyehamia San Marino. Zilitoka 110,000 tu, na bei yake bado hainiruhusu.

Seti hii naipa nyota nne. Ya tano ilibaki kwenye senti 1.