Stormy Weather ya 1943: kisa chembamba, wasanii wazito

Kama unatafuta filamu yenye kisa cha kukukosesha usingizi, hii siyo. Lakini kama unapenda muziki wa bendi kubwa na unataka kuwaona waliouimba, kuupiga na kuucheza ukiwa bado wa moto, itafute Stormy Weather, uiangalie kwenye televisheni yenye spika nzuri, na usiiangalie huku unafanya kazi nyingine. Mimi ninayo kwenye DVD. Picha ni nyeusi na nyeupe, safi, sauti haina mkwaruzo wa kusumbua, na kuna maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Hayo maandishi utayahitaji. Mazungumzo yanakwenda mbio, na maneno ya mtaani ya Harlem, kitongoji cha Weusi mjini New York, ya miaka ile si Kiingereza tulichofundishwa darasani.

Naanza na dakika chache zilizo karibu na mwisho, maana hizo peke yake zinarudisha hela ya DVD. Cab Calloway yuko mbele ya bendi yake anaimba Jumpin' Jive. Vijana wawili waliovaa suti rasmi wanaitikia mwito wake: ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wanaanza sakafuni, viatu vikigonga kwa pamoja. Kisha wanapanda juu ya visanduku vilivyo katikati ya wanamuziki, wanaruka kutoka kimoja hadi kingine huku bendi inaendelea kupiga, wanatua juu ya piano na kujibizana na mpigaji wake. Baada ya hapo wanafika kwenye ngazi pana. Mmoja anashuka daraja moja, mwenzake anamruka kichwani na kutua mbele yake kwa msamba kamili. Aliye nyuma anainuka, anamruka, naye anatua kwa msamba. Hivyo hivyo, kwa zamu, mpaka chini, na kila wakiinuka wanavutwa na miguu yenyewe, mikono haigusi sakafu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wanafanya hayo yote bila kuonekana wanahangaika. Kamera imekaa mbali vya kutosha kukuonyesha mwili mzima, kichwa hadi kiatu, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Fayard mwenyewe alisimulia miaka ya baadaye kuwa walilipiga tendo hilo mara moja tu mbele ya kamera, na kwamba Nick Castle, aliyepanga dansi, aliwaambia wasilifanyie mazoezi kwanza. Inasimuliwa pia kuwa Fred Astaire, mcheza dansi mashuhuri wa Hollywood, aliliita tendo bora kuliko yote ya muziki aliyowahi kuona kwenye sinema. Mimi ninaamini alisema kweli. Kila mgeni anayejua muziki akifika kwangu namwekea kipande hiki, na sijaona aliyeomba niendelee mbele bila kurudisha nyuma kwanza.

Baba mdogo wangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye saksafoni ya bendi ya dansi, aliitazama kwa namna nyingine kabisa. Macho aliyafumba. Alitaka kusikia jinsi safu ya saksafoni ya Calloway inavyovuta pumzi pamoja na jinsi tarumbeta zinavyoingia kujibu. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz tulilijua jina hilo la jazi kabla hatujawaona wenye nalo. Hapa unawaona, na unasikia wito na kiitikio ambavyo sikio letu linavielewa bila kuelekezwa.

Sasa niieleze filamu yenyewe. Ilitengenezwa na 20th Century Fox, mwongozaji akiwa Andrew L. Stone, na ikatoka Julai 1943, Marekani ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili. Hollywood wakati ule ilikuwa inatoa kwa wingi filamu za kuwachangamsha askari na familia zao: bendi ya swingi (jazi ya kuchezeka ya bendi kubwa), vichekesho, mapenzi, na mwishoni tamasha kubwa la kila mtu. Hii ni ya ukoo huo huo, ila waigizaji wake wote wakuu ni Wamarekani Weusi, jambo ambalo studio kubwa zililifanya kwa nadra sana. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki cha NAACP, alikuwa amekwenda Hollywood mwaka 1942 kudai kuwa watu Weusi wasiendelee kupewa nafasi za watumishi na za kuchekwa tu. Mwaka 1943 zikatoka filamu mbili za namna hii, moja ya Fox na nyingine ya studio ya MGM.

Kisa chenyewe ni uzi wa kutungia shanga. Bill Williamson, mcheza dansi, amekaa kibarazani kwake anawasimulia watoto maisha yake. Tunarudi 1918, askari Weusi wanarejea Harlem kutoka vita vya Ulaya, na kwenye dansi la kuwakaribisha Bill anamwona mwimbaji Selina Rogers. Anampenda, wanapotezana, wanakutana Memphis, wanafanya kazi pamoja, wanaachana, na mwisho Calloway anamchukua Bill kwenda kutumbuiza askari wanaojiandaa kwenda vitani, huko Selina naye yupo. Basi. Kati ya hayo kuna nyimbo na dansi karibu 20 ndani ya muda usiofika dakika 80.

Mapenzi yao hayakunishika. Bill anaigizwa na Bill Robinson, aliyezaliwa 1878, akikaribia miaka 65 wakati wa kupiga picha. Selina ni Lena Horne, ambaye alikuwa hajafikisha 26. Filamu inatuambia imepita robo karne kati ya mwanzo na mwisho, lakini yeye Robinson ni yule yule na Horne ni yule yule. Wakitazamana kwa mahaba, mimi naona binti na babu yake. Hata hivyo nimependa kwamba Selina anapoombwa aache jukwaa akalee nyumba, anakataa. Anasema kazi yake ni kuimba, na filamu haimgeuzi kuwa mwanamke mbaya kwa jibu hilo. Kwa mwaka 1943 si jambo dogo.

Robinson nisimwache hapo, maana ukimhukumu kwa mapenzi utamkosa. Mtazame miguu. Yeye alijulikana kwa kucheza akiwa wima, mwepesi, juu ya vidole, kila pigo la kiatu likisikika peke yake. Anayetaka kuona urithi wa sanaa ukipita kutoka kizazi hadi kizazi aanze kwake, kisha aende kwa akina Nicholas: dansi ya ngazi ndiyo iliyompa Robinson sifa kwa miaka mingi, na ni kwenye filamu iliyojengwa juu ya maisha yake ambapo vijana walifanya ngazini yale yasiyowahi kuonekana.

Sehemu ya Memphis ndiyo ninayoipenda zaidi baada ya ile ya ngazi. Ni mkahawa mdogo, Fats Waller yuko kwenye piano, Ada Brown anaimba, Zutty Singleton yuko kwenye dramu. Waller anamjibu Ada kwa maneno na kwa nyusi, na nyusi zake zinachekesha kuliko vichekesho vyote vilivyoandikwa na waandishi wa filamu. Halafu anapiga Ain't Misbehavin', wimbo aliotunga 1929, kwa wepesi wa mtu anayezungumza na jirani. Alifariki Desemba ya mwaka ule ule, akiwa safarini kwenye treni, na umri wake ulikuwa miaka 39 tu. Tuna bahati kwamba kuna mtu aliyeweka kamera mbele yake.

Wimbo uliobeba jina la filamu ulitungwa na Harold Arlen na Ted Koehler, na mwimbaji Ethel Waters aliuimba Cotton Club, klabu ya usiku ya Harlem, mwaka 1933. Horne anauimba dirishani, mvua inanyesha nje. Sauti yake haipigi kelele za huzuni. Anaizuia, na kule kuizuia ndiko kunakouma. Kamera inatoka dirishani, inamfuata Katherine Dunham na kundi lake wakicheza. Dunham alisomea anthropolojia, elimu ya watu na tamaduni zao, Chuo Kikuu cha Chicago na katikati ya miaka ya 1930 alikwenda Haiti na Jamaica kuchunguza ngoma zenye asili ya Afrika. Ukijua hilo, mabega na viuno vya wachezaji wake vinakuambia mengi.

Ndiyo maana lile tendo la "Afrika" lililopo kabla yake liliniudhi. Studio imebuni mavazi, imebuni ngoma, imebuni bara zima, wakati mtu aliyefunga safari kwenda kujifunza alikuwa kwenye orodha yao ya wasanii. Robinson analiokoa kidogo anapopanda juu ya ngoma za ukubwa mbalimbali na kuzichezea kwa viatu. Kuna pia wachekeshaji wawili Weusi waliojipaka masizi usoni na midomo mipana, desturi ya jukwaa la zamani la Marekani iliyozaliwa katika dharau. Mimi kipande hicho sikitetei. Vichekesho vya Dooley Wilson, anayeigiza mpiga kiwi anayejifanya tajiri wa kudhamini maonyesho, vinachekesha bila kumdhalilisha mtu, na vilitosha.

Vita vyenyewe vimepita kwa mbali, lakini vipo. Angalia ukumbi wa mwisho: askari waliojaa pale ni Weusi watupu, kwa sababu jeshi la Marekani lilikuwa bado limewatenga, na amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi huo ilikuja 1948. Angalia pia suti ya Calloway, koti refu la mabega mapana na suruali pana inayobana kwenye kifundo. Serikali ilikuwa imebana matumizi ya vitambaa kwa ajili ya vita, na Juni 1943, mwezi mmoja kabla filamu haijatoka, mabaharia mjini Los Angeles walikuwa wakiwapiga na kuwavua vijana, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waliovaa suti za aina hiyo. Calloway anaivaa kwa raha zote, anazunguka nayo jukwaani, na mimi nampenda kwa hilo.

Kwa anayetazama na watoto: wataipenda, hasa dansi. Kwenye kipande cha masizi msiruke tu, waelezeni. Lugha chafu hakuna, ugomvi ni wa ngumi moja mbili. Sauti iongezwe wakati wa nyimbo, maana mazungumzo yamerekodiwa juu kidogo kuliko piano ya Waller. Na ukiimaliza ukiwa bado na hamu, fuata Cabin in the Sky, ile ya MGM ya mwaka huo huo: Horne yumo tena, safari hii na Ethel Waters mwenyewe, na bendi ya Duke Ellington iko ukumbini.