Miezi 18 na finasteride na minoxidil, nasema nilichokiona kichwani kwangu

Haya, kwa wale mnaonijaza inboksi "kaka ulitumia nini", naandika hapa mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii. Kwa ajili ya kipara natumia kidonge cha finasteride cha miligramu 1 kila asubuhi na minoxidil ya kupaka ya asilimia 5, imefika miezi 18 sasa. Kabla ya hapo nilipoteza mwaka mzima na shampuu fulani ambayo jina siitaji, sitaki kesi na mtu.

Mi kipara kilianza nikiwa na miaka 27 na wala sikukijua mwenyewe. Kinyozi kamaliza kunyoa, kashika kile kioo kidogo nyuma ya kichwa nione kazi yake, nikaona utosi unang'aa nikamwambia sogeza kioo taa inapiga. Akasema "bro, hii sio taa." Siku hiyo nilirudi nyumbani na kofia.

Basi nikakimbilia shampuu, kwenye chupa imeandikwa kwa herufi kubwa INAZUIA DHT. DHT ni nini sijui, ila kama inazuiwa basi lazima ni kitu kibaya, nikanunua. Inanukia vizuri sana yani hapo siidai. Lakini we fikiria, kitu kinakaa kichwani dakika mbili halafu kinaenda na maji ya bomba, kitazuia nini? Baada ya mwaka utosi uko vilevile na mbele vile vikona viwili vimezidi kuingia ndani.

Ndo nikaenda kwa daktari wa ngozi, na hapo ndo nikaelewa nilikuwa napigana na kitu nisichokijua. Nilikuwa naamini ile stori ya kijiweni kwamba mwenye kipara ana homoni za kiume nyingi kuliko wenzake, na kusema ukweli ilikuwa inanifariji. Nikapimwa damu, testosteroni yangu, ile homoni ya kiume, ni ya kawaida tu, haina cha ajabu. Daktari akaniambia shida sio wingi. Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa 5-alpha reductase, kinachukua testosteroni kinaigeuza kuwa homoni nyingine, ndo hiyo DHT, ambayo ni kali zaidi, na vinyweleo vya utosini na mbele kwa watu kama sisi vimerithi kuwa wepesi wa kuumizwa nayo. Unywele wa kawaida unakua miaka 2 mpaka 6 ndo unapumzika unadondoka, sasa kinyweleo kikishapigwa na DHT kile kipindi cha kukua kinafupishwa, kila mzunguko unywele unatoka mwembamba na mfupi kuliko uliopita mpaka unabaki ule manyoya wa kama shavu la mtoto. Ndo maana kipara hakiji siku moja. Na pembeni na kisogoni vinyweleo havijali DHT, ndo maana wazee wengi wana ule ukanda wa nywele kuzunguka juu ya masikio, na ndo maana wanaopandikiza nywele wanazitoa huko nyuma, zikihamia mbele zinabaki na tabia ya zilikotoka.

Nikabisha kidogo, mi mbishi, nikasema uthibitisho uko wapi. Akanipa stori mbili. Mwaka 1942 daktari mmoja Mmarekani, James Hamilton, aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe, hawakuota kipara, ila walipopewa testosteroni baadhi yao wenye asili ya upara kwenye ukoo wakaanza kunyonyoka. Ya pili ndo iliniacha mdomo wazi. Huko Salinas, Jamhuri ya Dominika, kuna familia ambazo watoto wa kiume walizaliwa wakidhaniwa wasichana, wakifika kubalehe sauti inakuwa nzito wanakuwa wanaume, kwa sababu kile kimeng'enya kwao ni pungufu. Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari zao mwaka 1974. Wakiwa watu wazima testosteroni wanayo, misuli wanayo, ila tezi dume ndogo na vipara hawana. Finasteride kazi yake ni kukiziba hichohicho kimeng'enya. Ilianza kama dawa ya tezi dume ya miligramu 5 mwaka 1992, ya nywele ya miligramu 1 ikaruhusiwa Marekani mwaka 1997.

Sasa dawa yenyewe. Kidonge kidogo, hakina ladha, mara moja kwa siku basi. DHT kwenye damu inashuka karibu asilimia 70. Miezi minne ya kwanza sikuona KITU nikawa nahesabu nywele kwenye mto kama mwehu, mwezi wa sita nikagundua mto uko msafi. Mimi naihesabu kama dawa ya kushikilia kilichopo, ukiota kuota ni bahati yako. Naipa 8 kwa 10.

Mbili nimeitoa kwa sababu ya madhara na hapa msinikwepe. Ndio, nguvu za kiume. Kwenye majaribio waliopata shida hiyo walikuwa chini ya wawili kwa kila mia kwa kila aina ya tatizo, mimi wiki ya tatu hamu ilishuka kweli, sijui dawa au woga maana nilikuwa najichunguza kila saa, ikarudi yenyewe. Ila wapo wanaosema tatizo lilibaki hata baada ya kuacha, na mwaka 2025 wakala wa dawa wa Ulaya walithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara yake. Kwa hiyo kama una historia ya sonona mwambie daktari kabla hujameza, na ukiona moyo unakuwa mzito bila sababu acha na urudi kwake haraka. Kingine, ukipimwa damu ya tezi dume, kile kipimo cha PSA, sema unatumia hii, maana inashusha majibu karibu nusu na daktari anaweza kudhani uko salama kumbe sivyo.

Minoxidil ni habari nyingine, yenyewe haigusi homoni kabisa. Ilikuwa kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka sehemu wasizotaka, watu wakaona hapo kuna biashara, ya kupaka ikaruhusiwa Marekani mwaka 1988. Inarefusha kile kipindi cha kukua na kuamsha vinyweleo vilivyolala. Tatizo lake ni kwamba inakufanya mtumwa: asubuhi na jioni, kichwa kikavu, usubiri ikauke, usilale nayo mbichi itahamia kwenye mto. Ya maji iliniwasha vibaya sana mpaka nikawa natoka magamba mabegani, daktari akasema ni propilini glaikoli iliyomo, nikahamia ya povu kukatulia. Halafu wiki ya nne, jamani, nywele zilidondoka KULIKO mwanzo, kwenye tundu la bafu kulikuwa na kitu kama panya. Nilikaribia kuitupa. Kumbe zile kuukuu zinasukumwa zitoke mpya zipite, wengi wanaacha hapohapo halafu wanasema dawa feki. Na mwenye paka asikie hii, minoxidil ni sumu kwa paka hata ikiwa kiasi kidogo tu, wangu sasa haruhusiwi kulala kitandani na ameninunia. 6 kwa 10.

Matokeo: utosi umejaa, sio kama nikiwa na 20 ila ukipiga picha taa ileile pembe ileile tofauti inaonekana, kwa tochi ya simu naona vinywele vifupi vyeusi sehemu iliyokuwa ngozi tupu. Vikona vya mbele? Sifuri. Havikurudi hata kidogo, vimesimama tu palepale. Na ukiacha unarudi ulikotoka, povu ndani ya miezi michache, kidonge ndani ya mwaka, hii sio dozi ya malaria unamaliza unapona.

Mwisho kuna wanaoshauri ununue ile ya miligramu 5 ukate vipande vinne ubane matumizi. Nilifanya hivyo mwanzoni, kisu kidogo juu ya sahani, kipande kimoja kikubwa kingine unga mtupu umemwagika mezani. Halafu mke wangu akapata mimba na nikaja kujua kwamba mjamzito hatakiwi kushika finasteride iliyovunjika kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni, na yeye ndo alikuwa anafuta ile meza kila asubuhi. Nilitoka jasho. Mtoto kazaliwa salama, wa kike. Vidonge sasa nanunua vizima, naviweka kabati la juu na meza nafuta mwenyewe.